Pikipiki Isiyowaka Ikiwa Moto



Katika nyanda za juu za Kigoma, yaani Kasulu, Kibondo na vijiji vilivyo baina ya miji hiyo miwili, pikipiki imekuwa mtumishi wa nyumba. Ndiyo ibebayo magunia ya maharagwe kwenda sokoni, ndiyo impelekayo mama mwenye uchungu hospitalini usiku wa manane, na mapato yake ndiyo yanayonunua madaftari ya watoto. Tangu serikali ya Tanzania ilipoweka kanuni za leseni za pikipiki za abiria mwaka 2010, kazi ya bodaboda imekuwa riziki inayotambuliwa na sheria. Vijana wengi huendesha pikipiki zisizo zao, kwa mkataba, wakimpelekea mwenye mali hesabu yake kila siku au kila juma. Kwa hiyo chombo kimoja kikigoma, nyumba mbili hulala na wasiwasi: nyumba ya dereva na nyumba ya mwenye chombo.

Basi kuna ugonjwa mmoja wa pikipiki unaowatesa watu sana, nao ndio tunaotaka kuuzungumza mwezi huu. Asubuhi pikipiki huwaka kwa kiki moja. Huenda vizuri, hupanda milima, hufika. Lakini dereva akiizima kwa dakika kumi ili ateremshe mzigo, haiwaki tena. Atapiga kiki mpaka jasho limtiririke, na abiria atashuka akatafute usafiri mwingine. Ikikaa nusu saa au saa nzima chini ya mwembe ikapoa, huwaka kana kwamba haikuwa na neno lolote.

Wengi huuona ugonjwa huu kama fumbo, na wengine husema pikipiki imelogwa. Hapana uchawi hapa. Sababu zake ni chache, zajulikana, na nyingi katika hizo zaweza kupambanuliwa na kijana mwenye akili yake, akiwa na spana ya plagi, kitambaa na subira.

Shahidi asiyejua lolote

Kabla ya kutaja sababu, yatupasa kueleza kwa nini ugonjwa huu humaliza fedha za watu kuliko magonjwa mengine yaliyo makubwa zaidi.

Tuchukue mfano wa kijana aliyekwama njiani karibu na Makere. Aisukuma pikipiki yake mpaka kwa fundi, na kwa muda huo injini yapoa. Fundi aitazama, aona plagi imekuwa nyeusi, aweka mpya. Apiga kiki, pikipiki yawaka. Kijana alipa, ashukuru, aenda zake. Siku ya tatu yagoma tena. Safari hii fundi asema ni kabureta. Yabadilishwa, na pikipiki, ambayo imekwisha kupoa wakati wa kazi, yawaka. Juma linalofuata asema ni koili. Na mwezi unaofuata asema ni ringi za pistoni. Kijana amelipa mara nne, na ugonjwa uko pale pale ulipokuwa.

Si lazima fundi huyo awe mwongo. Lililomdanganya ni kwamba kila alipojaribu kazi yake, pikipiki ilikuwa imepoa, na pikipiki iliyopoa huwaka hata kama hakugusa kitu. Kila spea iliyowekwa ilipewa sifa ya kazi iliyofanywa na upepo wa mlima. Ni kama mgonjwa wa homa ya vipindi afikaye zahanati wakati homa imeshuka: mganga akimgusa paji la uso tu atasema ni mzima. Mganga mwenye busara huuliza homa ilipanda saa ngapi, na huchukua damu akaipime.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na ndiyo kubwa kuliko zote tutakazozieleza, ni hii: ugonjwa wa pikipiki ya moto huchunguzwa pikipiki ikiwa moto, na tiba yake huhakikishwa pikipiki ikiwa moto. Yasiyojaribiwa katika hali hiyo ni kubahatisha, na kubahatisha kwa mali ya mtu mwingine si jambo jema.

Joto hufanya nini

Pikipiki nyingi za bodaboda, zikiwa za Kihindi kama Boxer na TVS, au za Kichina, zina injini ya silinda moja inayopozwa na upepo. Nyingi za Kichina zimefuata muundo wa injini ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, ambayo ilitengenezwa makusudi kwa nchi ambazo vyombo hufanyishwa kazi ngumu na kutunzwa kwa nadra. Ni injini imara. Lakini haina maji ya kuipoza. Mapezi yake ya chuma hungoja upepo, na upepo huja pale tu pikipiki inapokwenda.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikiri. Ukiizima pikipiki iliyotoka mlimani, upepo hukoma papo hapo, lakini moto uliomo ndani ya chuma haukomi. Hutafuta njia ya kutoka, na huenda kwenye vitu vilivyokuwa vimepozwa na upepo: kabureta, koili na waya. Vitu hivyo huzidi kupata joto kwa dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa. Ndiyo sababu pikipiki nyingine huwaka vizuri ukiizima na kuiwasha mara moja, hugoma ukiiacha dakika kumi, kisha hukubali baada ya saa nzima.

Injini yo yote ya petroli yahitaji mambo manne ili iwake: petroli, hewa, cheche ya umeme kwa wakati wake, na mgandamizo, yaani pistoni iweze kuikandamiza hewa na petroli ndani ya silinda bila kuvuja. Joto laweza kuharibu lo lote katika hayo manne. Kazi ya mchunguzi ni kuuliza moja baada ya jingine: wewe upo? Lililokosekana ndilo lenye ugonjwa.

Uchunguzi wa njiani

Pikipiki imegoma nawe uko njiani, injini ingali moto. Usiendelee kupiga kiki kwa hasira, maana kila kiki huingiza petroli zaidi na kuharibu ushahidi. Iegeshe mahali pa salama, kisha fuata utaratibu huu. Tumeupanga kuanzia jambo jepesi kwenda lililo zito.

Kwanza, fungua kifuniko cha tangi, utege sikio. Kifuniko hicho kina tundu dogo la kupitishia hewa, ili petroli inaposhuka hewa iingie mahali pake. Tundu likiziba kwa vumbi jekundu la barabara zetu, au mtu akiweka kipande cha nailoni chini ya kifuniko ili petroli isimwagike, tangi hukosa hewa na petroli hukoma kushuka baada ya mwendo fulani. Dereva hudhani ni joto, kumbe ni kiu. Ukifungua ukasikia sauti ya hewa ikivutwa ndani, na baada ya dakika moja au mbili pikipiki ikawaka ingali moto, umekwisha kuujua ugonjwa wako, na tiba yake ni kulizibua tundu kwa sindano. Kuna watu waliobadilisha kabureta kwa sababu ya tundu hili.

Pili, hakikisha petroli inafika. Chini ya kabureta pana skrubu ndogo ya kumwagia. Kinga chupa, uilegeze. Petroli ikitiririka bila kukatika, njia ni nzuri. Ikitoka kidogo kisha ikakoma, kasoro iko kwenye kifuniko, koki, chujio au mpira wa petroli. Itazame pia iliyo chupani: ikiwa na matone ya maji chini yake, au ikinuka mafuta ya taa, basi tatizo huenda lilianza pale uliponunua. Kuchanganya petroli na mafuta ya taa lilikuwa tatizo kubwa nchini hata serikali ikaanza kuyawekea mafuta alama maalumu mwaka 2010, ili yaliyochanganywa yagundulike. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi kama petroli. Huifanya injini igonge, ipate joto kupita kiasi, na kujaza masizi. Anunuaye petroli ya chupa kando ya njia na akumbuke jambo hili.

Tatu, chunguza kama injini imezama katika petroli. Petroli ina sehemu nyepesi zinazoanza kuchemka kwenye kama digrii 35 hadi 40 tu, na kabureta ya pikipiki iliyozimwa mlimani hupita kiasi hicho kwa wepesi. Petroli ikichemka humwagika ndani ya njia ya hewa, na mchanganyiko huwa mzito usioweza kushika moto. Katika nyanda za juu jambo hili huzidi, kwa kuwa hewa ni nyepesi: mahali palipo kwenye mita 1,500 juu ya bahari, kani ya hewa ni kama sehemu 84 tu katika kila 100 za ile ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani hutoa petroli nyingi mno kwa hewa ya Kibondo. Ongeza chujio la hewa lililojaa vumbi la kiangazi, na choki iliyosahauliwa nusu tangu baridi ya alfajiri, utaona kwa nini injini huzama.

Jaribio lake ni jepesi. Hakikisha choki imefungwa, funga koki ya petroli, zungusha mkono wa petroli mpaka mwisho, uushikilie hapo, kisha piga kiki mara tano au sita. Ikikohoa na kuwaka kwa moshi mweusi, ilikuwa imezama. Fungua koki tena uende zako, lakini ukifika nyumbani safisha chujio la hewa, na uangalie sindano ndogo ndani ya kabureta inayozuia petroli ikijaa. Ikiwa imelika, petroli huendelea kushuka hata injini ikiwa imezimwa.

Nne, pima mgandamizo kwa mguu wako. Zima swichi, kisha sukuma kiki polepole kwa uzito wa mwili, usiipige. Kila dereva auzoee uzito wa kiki yake asubuhi, jinsi inavyokataa kidogo kabla ya kupita. Ikiwa sasa, injini ikiwa moto, kiki yashuka laini kama haina kitu, basi mgandamizo umepotea, na hapa hakuna plagi wala koili itakayokusaidia. Dalili nyingine ya udhaifu huu ni kwamba pikipiki hukataa kiki lakini hukubali ikisukumwa mteremkoni, kwa kuwa mteremko huizungusha injini kwa kasi kuliko mguu. Ingawa cheche dhaifu nayo yaweza kuonyesha dalili hiyo hiyo, kwa hiyo usihukumu kwa mteremko peke yake. Na kama kiki haishuki kabisa, imekaza kama imefungwa kwa kamba, acha mara moja: pistoni imebana. Aluminiamu ya pistoni hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha silinda, na oili ikipungua nafasi baina yao hupotea. Ngoja ipoe kabisa, utazame oili, wala usiilazimishe.

Tano, tazama cheche. Funga koki. Chomoa kofia ya plagi, fungua plagi kwa spana huku mkono ukikingwa na kitambaa, kisha pachika kwenye kofia plagi ya akiba uliyo na hakika nayo. Igusishe ganda lake la chuma kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na tundu la silinda, maana mvuke wa petroli unaotoka tunduni waweza kuwaka. Washa swichi, piga kiki, utazame kivulini. Cheche ya samawati inayolia tap, tap, ni nzuri. Cheche nyekundu dhaifu, au isiyokuwapo, ndiyo mkosaji. Na plagi uliyoitoa nayo itazame: ikiwa imelowa petroli, injini ilizama, ikiwa kavu na nyeusi kwa masizi, mchanganyiko ni mzito, ikiwa nyeupe kama chokaa, injini yapata joto kupita kiasi, ikiwa na rangi ya udongo mkavu, ni nzima.

Kijana abebaye plagi moja mpya ndani ya karatasi mfukoni mwake amebeba nusu ya gereji. Akiibadilisha pikipiki ikiwa moto nayo ikawaka, jawabu limepatikana kwa bei ya plagi moja. Isipowaka, amejua kwamba plagi haina hatia, na hatauziwa nyingine.

Ikiwa kasoro ni ya umeme

Cheche ikiwapo asubuhi na kutoweka injini ikiwa moto, washitakiwa ni watatu: koili kubwa iliyo chini ya tangi, kisanduku cha umeme ambacho mafundi hukiita si-di-ai, na vikoili vidogo vilivyomo ndani ya kifuniko cha injini karibu na sumaku. Koili ni waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana. Waya huo ukiwa na ufa, ukiwa baridi ncha zake hugusana. Ukipata joto hutanuka, ncha zikaachana, umeme ukakatika. Ukipoa hurudiana. Ndiyo maana ugonjwa huja na kwenda.

Njia ya kumtambua mwenye hatia ni kupoza kimoja kimoja. Lowesha kitambaa, ukikamue, ukizungushie koili iliyo chini ya tangi kwa dakika chache huku injini ingali moto, kisha tazama cheche tena. Ikirudi, koili ndiyo yenye kasoro, maana hukupoza kingine. Isiporudi, fanya vivyo hivyo kwa kisanduku. Ikiwa vyote viwili havibadilishi kitu, shuku vikoili vya ndani. Lakini angalia sana: usimwagie maji injini yenyewe. Chuma kilicho moto kikimwagiwa maji ghafula chaweza kupinda au kupasuka, na tena maji hupoza kila kitu kwa pamoja, ukarudi kutojua lolote.

Fundi mwenye mita ya kupimia umeme aweza kuhakikisha zaidi. Apime vikoili vikiwa baridi, aandike. Kisha avipime vikiwa moto. Shaba huongeza ukinzani wake kwa kama sehemu 4 katika 1,000 kwa kila digrii moja ya joto. Kwa hiyo joto likipanda digrii 70, kipimo kitapanda kwa kama sehemu 28 katika 100, na hilo ni la kawaida. Lakini kipimo kikipotea kabisa, waya umekatika, na hapo kununua kipya si kubahatisha tena.

Ikiwa mgandamizo ndio uliopotea

Kiki iliyokuwa nzito asubuhi na kuwa nyepesi injini ikiwa moto hutuelekeza kwanza kwenye vali. Vali ni milango miwili ya silinda, mmoja wa kuingiza, mmoja wa kutolea moshi. Baina ya vali na mkono unaoisukuma lazima pawe na mwanya mdogo, ambao katika pikipiki nyingi za namna hii ni baina ya milimita 0.05 na 0.10, kipimo halisi hutajwa katika kitabu cha pikipiki yenyewe. Kadiri siku zinavyopita, kikalio cha vali hulika, vali hupanda juu kidogo kidogo, na mwanya hupungua. Injini ikiwa baridi mlango bado hufunga. Ikipata joto, vali hurefuka, mwanya huisha, na mlango hubaki wazi kwa unywele. Hapo pistoni hukandamiza hewa inayotoroka.

Kuna desturi moja inayozidisha madhara haya. Madereva wengi hawapendi kusikia vali zikigonga, na humwambia fundi azikaze mpaka injini inyamaze. Injini iliyonyamazishwa hivyo hupendeza masikioni kwa siku chache, kisha huanza kugoma ikiwa moto, na mwisho huunguza vali ya moshi. Heri vali inayogonga kidogo kuliko ile iliyonyamaza kabisa.

Mwanya huu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku mzima, kwa vile vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa vipimo. Kwa hiyo hapa tu ndipo baridi inapohitajika: ugonjwa huonekana ikiwa moto, mwanya hurekebishwa ikiwa baridi, na tiba huhakikishwa tena ikiwa moto. Ikiwa mwanya ni sawasawa na kiki bado ni nyepesi, hapo ndipo fundi ana haki ya kusema ringi au vali zimelika na kuifungua injini. Kuifungua kabla ya hapo ni haraka isiyo na baraka.

Tahadhari ya moto

Nasaha hii twaielekeza kwa vijana hasa. Petroli na injini ya moto ni majirani wabaya. Usivute sigara unapochunguza. Usimulike ndani ya tangi wala kabureta kwa koroboi, mshumaa au kiberiti. Tumia tochi, hata ya simu, ukiwa umeishika mbali na tundu la tangi. Petroli uliyoikinga chupani ifunike na uiweke mbali kabla ya kujaribu cheche. Iliyomwagika juu ya injini ifute, ungoje ikauke. Na watoto, ambao hupenda kukusanyika penye pikipiki iliyofunguliwa, waondoe. Kuchelewa kwa robo saa hakulingani na kuungua kwa mtu.

Kadhalika, yafaa kukumbuka kwamba injini huchoshwa kabla ya kuugua. Abiria watatu katika kiti kimoja, jambo ambalo vijana huliita mishikaki, au magunia mawili ya mkaa katika mlima, hupandisha joto la injini kuliko lilivyokusudiwa, mbali na kuhatarisha roho za watu na kuvunja sheria. Mapezi ya silinda yaliyojaa tope la masika hayawezi kuvuta upepo. Oili iliyopungua au iliyokuwa nyeusi kama lami hailindi chuma. Pikipiki inayosafishwa mapezi yake, chujio lake la hewa na kubadilishiwa oili kwa wakati, mara nyingi haifiki kwenye ugonjwa tunaouzungumza.

Wajibu wa kila mmoja

Sasa twageuka kwa watu wenyewe, maana chuma hakina lawama.

Ewe dereva, nunua daftari dogo. Kila pikipiki inapogoma andika: ilikuwa imekwenda mwendo gani, ilizimwa kwa dakika ngapi, kiki ilikuwa nzito au nyepesi, cheche ilikuwapo au haikuwapo, na ni jambo gani lililoirudisha. Baada ya mara tatu utakuwa na maelezo ambayo fundi ye yote mwema atayathamini kuliko kusikia neno, "Inasumbua tu, fundi." Na ukiipeleka, ipeleke ikiwa moto, ikiwa imepoa, mwombe aizungushe kwanza mpaka ipate joto.

Ewe fundi, unachouza ni ujuzi wako, na mteja hana macho ya kuona ndani ya injini, amekukabidhi amana. Ukijua, sema najua. Usipojua, sema, "Kijana wangu, niachie niichunguze kesho ikiwa moto," wala heshima yako haitapungua. Usimuuzie spea kwa kudhani, na ile ya zamani uliyoitoa mrudishie mkononi, maana ni mali yake. Kisha kabla ya kupokea ujira, ipandisheni mlimani pamoja, izimwe dakika kumi, iwashwe. Ikiwaka, umekula jasho lako kwa halali.

Nawe mwenye pikipiki ambaye unangoja hesabu jioni: kijana akikwambia chombo kiligoma, usianze na neno la kumtuhumu. Mwambie akuonyeshe daftari, uende naye kwa fundi. Wako wenye mali waliovunja mkataba na vijana waaminifu wakidhani wanaibiwa, na kosa lote lilikuwa tundu la kifuniko au mwanya wa vali. Na wako madereva ambao husingizia ugonjwa ili wasilete hesabu. Atakayewapambanua watu hawa wawili ni uchunguzi, kama ule ule unaopambanua plagi na koili.

Akina mama nao wana sehemu yao, kwa kuwa mara nyingi ndio wawekao akiba ya nyumba na ndio waombwao fedha ya spea. Mama akiombwa fedha hiyo, aulize swali moja tu: "Imejaribiwa ikiwa moto?" Jibu likiwa hapana, akiba na ikae pale ilipo mpaka ijaribiwe. Gharama ya jaribio ni mwendo wa mlima mmoja na kungoja dakika kumi. Gharama ya kubahatisha ni ada ya mtoto.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote wa barabara za milimani, na ajaalie baraka katika riziki zao. Amin.